Mistari Miwili Inayong'aa

Juu ya meza yangu ya kazi kuna hadubini yenye taa ya mwanga wa urujuanimno, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutazama kupitia hadubini hiyo vipande vya mfupa wa binadamu vilivyokatwa vikawa vyembamba kuliko unywele. Kila kipande hutoka kwenye ukingo wa mfupa wa nyonga wa mgonjwa ambaye daktari wake ameshindwa kupata jibu kwa njia nyingine. Kabla ya kutolewa kipande hicho, mgonjwa huwa amemeza tetrasaiklini kwa awamu mbili: siku chache, kisha mapumziko ya takriban wiki mbili, kisha siku chache tena. Dawa hiyo, ambayo wengi wanaijua kama antibiotiki ya kawaida tu, hushikamana na kalsiamu mahali palepale ambapo mfupa mpya unatiwa madini siku hiyo, na hubaki humo. Ninapozima taa za chumba na kuwasha mwanga wa urujuanimno, mistari miwili ya rangi ya manjano hujitokeza gizani, mmoja ukienda sambamba na mwenzake. Umbali uliopo kati yake, ukigawanywa kwa siku zilizopita kati ya awamu ya kwanza na ya pili, hunieleza mfupa wa mtu huyo ulikuwa ukiongezeka kwa kasi gani. Kwa mtu mzima mwenye afya jibu huwa chini ya maikromita moja kwa siku, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita.

Wakati mwingine mistari haitokei kabisa, na hapo najua kwamba ujenzi umesimama. Wakati mwingine hutapakaa kama wino juu ya karatasi iliyolowa, na hiyo ni dalili kwamba mfupa laini umetandazwa lakini madini hayaingii inavyopaswa, kama inavyotokea kwa mtu aliyepungukiwa vitamini D kwa muda mrefu. Lakini inapotokea miwili, safi, iliyoachana vizuri, huwa nakaa nayo kidogo hata kama vipimo nimekwisha kuvichukua. Shuleni tulifundishwa kuihesabu mifupa 206 kama mtu anayehesabu nguzo za nyumba, na nguzo haina habari za leo wala za jana. Mistari ile ina tarehe.

Kwamba mfupa ni kitu kilicho hai halikuwa jambo la wazi siku zote. Mwaka 1736 daktari mpasuaji wa London aitwaye John Belchier aliandika kwamba alikuwa amealikwa kula nyumbani kwa mtu mwenye kazi ya kupiga chapa vitambaa, na katika nyama ya nguruwe iliyoandaliwa mezani akaona mifupa myekundu. Nguruwe yule alikuwa amelishwa pumba zilizotumika kusafishia vitambaa vilivyotiwa rangi, nazo zilikuwa zimefyonza rangi ya mizizi ya mmea uitwao madda. Nyama haikubadilika, ila mifupa. Wengine wangeshangaa wakaendelea kula, lakini Belchier aliuliza. Muda mfupi baadaye Mfaransa Henri-Louis Duhamel du Monceau akalichukua jambo hilo mbali zaidi: aliwalisha wanyama madda kwa kipindi, akaiondoa, akairudisha, na alipoikata mifupa yao akakuta tabaka jekundu, tabaka jeupe, tabaka jekundu. Ukiiondoa madda na kuweka tetrasaiklini, hicho ndicho ninachokifanya hadi leo.

Kinachoendelea ndani ya mfupa ni kazi ya makundi mawili ya seli ambayo hayaachani. Osteoklasti ni seli kubwa zenye viini vingi. Hujibandika juu ya mfupa, humwaga tindikali inayoyeyusha madini na vimeng'enya vinavyokata nyuzi za kolajeni, kisha huhama na kuacha shimo dogo. Osteoblasti hufuata nyuma, hutandaza kolajeni mpya shimoni, na madini ya kalsiamu na fosfeti huingia taratibu. Kwa njia hiyo takriban sehemu moja ya kumi ya mifupa ya mtu mzima hufanywa upya kila mwaka. Jambo ambalo natamani kila mgonjwa angeelezwa ni kwamba mizani ya muda hapa haiko sawa: kuchimba shimo moja huchukua majuma machache tu, na kulijaza huchukua miezi. Mwili ukifungua machimbo mengi kwa pamoja, kama unavyofanya estrojeni inaposhuka baada ya ukomo wa hedhi, wachimbaji huwatangulia wajenzi kwa mbali, na kila shimo hufungwa likiwa halijajaa kabisa. Hakuna maumivu. Hakuna dalili yoyote ya kumwambia mtu kwamba nyumba inabomolewa kwa ndani.

Asili ya wachimbaji hao ilibishaniwa kwa muda mrefu, na jibu lililonivutia nilipokuwa mwanafunzi lilitoka kwa panya wagonjwa. Kuna aina za panya wanaozaliwa na mifupa iliyojaa kama jiwe, isiyo na nafasi ya uboho, kwa sababu osteoklasti zao hazifanyi kazi. Mwaka 1973 mtafiti Donald Walker alichapisha matokeo ya kumuunganisha panya wa namna hiyo na mwenzake mwenye afya ili wachangie mzunguko wa damu kwa muda. Yule mgonjwa alipona, na hakurudi katika hali yake hata baada ya kutenganishwa. Maana yake ni kwamba wachimbaji huja na damu, kutoka ukoo wa seli za uboho, ilhali wajenzi wana asili nyingine. Watoto wanaozaliwa na ugonjwa kama huo leo huweza kupandikizwa uboho, na baadhi yao huokolewa na upandikizaji huo. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza, niliona kwamba mfupa haukutoa siri yake kupitia walio wazima, bali kupitia kiumbe ambaye mizani yake ilikuwa imeegemea upande mmoja tangu kuzaliwa. Tangu hapo nimekuwa nikiliona jambo hilo kila mahali katika fani hii.

Lakini kabla ya kuendelea ni lazima nimseme mama yangu. Akiwa na miaka 63 aliteleza sakafuni, akajizuia kwa kiganja, na mfupa wa mkono ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Hospitalini walimhudumia kwa upole: picha ilipigwa, mfupa ukarudishwa mahali pake, akafungwa plasta, akapewa tarehe ya kurudi. Baada ya majuma sita plasta ilikatwa na akaambiwa amepona. Hakuna aliyeuliza kwa nini mfupa wa mtu aliyeanguka kutoka kimo chake mwenyewe, si kutoka juu ya paa wala kwenye gari, ulivunjika kiasi kile. Hakuna aliyempima msongamano wa mifupa. Siwalaumu wao peke yao, kwa sababu mimi ambaye kila siku hukaa na mifupa ya watu wengine nilimshika mkono, nikaitazama picha, nikaridhika kwamba umeunga vizuri. Miaka miwili baadaye aliinama kuokota kitu sakafuni, akasikia kama kitu kimevunjika mgongoni, na pingili moja ya uti wa mgongo ikawa imebonyea. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii nimeisikia tangu utotoni, na sikuwahi kudhani kwamba ningekuja kuisoma kwenye picha ya eksirei ya mama yangu.

Mvunjiko wa kwanza wa aina hiyo kwa mtu wa umri ule ni taarifa, na taarifa hiyo hupotea kila siku kati ya chumba cha plasta na chumba cha daktari wa magonjwa ya ndani, kwa sababu mmoja huutazama mfupa uliovunjika na mwingine humtazama mgonjwa asiye na malalamiko. Nimesema hivi katika vikao vingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na nitaendelea kusema.

Dawa ambayo hatimaye mama alipewa ina historia ambayo kila ninapoisimulia najikuta napunguza sauti. Chanzo chake ni familia chache, hasa za Waafrikana, Wazungu wa Afrika Kusini wanaozungumza Kiafrikana, ambamo huzaliwa watoto wenye ugonjwa uitwao sklerosteosisi. Mara nyingi mtoto huzaliwa vidole viwili vya mkono vikiwa vimeungana. Anapokua huwa mrefu, taya lake hupanuka, na mifupa yake huendelea kunenepa mwaka hata mwaka. Watu hawa hawavunjiki mifupa kirahisi. Lakini fuvu nalo hunenepa, na matundu yanayopitisha mishipa ya fahamu hubanwa: uso hupooza upande mmoja, wakati mwingine mtoto akiwa bado mchanga, masikio huziba, na nafasi ya ubongo hupungua hadi shinikizo ndani ya kichwa kuwa hatari kwa maisha. Uholanzi kuna familia zenye ugonjwa wa karibu na huo, ulioelezwa na daktari Francis van Buchem mwaka 1955, ambao kwa kawaida ni mwepesi kidogo.

Mwaka 2001 watafiti walitambua jeni iliyoharibika kwa wenye sklerosteosisi, wakaiita SOST, na protini inayotokana nayo wakaiita sklerostini. Protini hii hutengenezwa zaidi na osteositi, seli ambazo zamani zilikuwa wajenzi, kisha zikazingirwa na mfupa zilioujenga zenyewe na kubaki humo kwa miaka, zikiwa zimeunganishwa kwa vijinyuzi vinavyopita kwenye mifereji isiyoonekana kwa macho. Osteositi ni zaidi ya tisa ya kila kumi ya seli za mfupa uliokomaa, na kwa muda mrefu zilidharauliwa kama mabaki ya ujenzi. Kumbe ndizo zinazoamrisha. Mfupa unapobebeshwa uzito, hupunguza sklerostini na wajenzi wakaachiwa nafasi. Mfupa usipotumika, huiongeza, na ujenzi ukazuiwa. Mjerumani Julius Wolff alikuwa ameandika mwaka 1892 kwamba umbo la mfupa hufuata mizigo unayoibeba, na ndiyo maana mkono wa mcheza tenisi unaoshika raketi huwa na mfupa mnene kuliko wa pili, na mwanaanga hupoteza takriban asilimia moja ya mfupa wa nyonga kwa kila mwezi asipofanya mazoezi mazito. Sheria ya Wolff ilijulikana kwa zaidi ya karne nzima. Nani aliyeisimamia ndani ya mfupa, hilo lilikuja kuonekana wazi baada ya familia hizo kukubali kutoa damu yao.

Na kulikuwa na jambo la pili ambalo naliona la thamani kubwa zaidi. Wazazi wa watoto hao, waliobeba nakala moja tu iliyoharibika, walikuwa na mifupa imara kuliko kawaida lakini hawakuwa na matatizo ya fuvu wala masikio. Ni nadra maumbile kufanya jaribio safi namna hiyo. Kwa kuwatazama wazazi, watafiti waliona kwamba sklerostini ikipunguzwa kwa kiasi, mtu anaweza kunufaika bila kulipa gharama wanayolipa watoto. Kutoka hapo ikatengenezwa kingamwili iitwayo romosozumabu, ambayo huikamata sklerostini na kuizuia isifanye kazi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, wanawake 4,093 waliokwisha kuvunjika mifupa waligawanywa: kundi moja lilipewa romosozumabu kwa miezi 12 na kisha alendronati, dawa inayowazuia wachimbaji, lingine alendronati tangu mwanzo. Baada ya miezi 24, hatari ya kuvunjika pingili mpya ilikuwa chini kwa asilimia 48 katika kundi la kwanza. Dawa ilianza kuidhinishwa mwaka 2019.

Sitaki kuisifia kuliko inavyostahili. Katika jaribio hilohilo, matatizo makubwa ya moyo na kiharusi yalitokea kwa asilimia 2.5 ya waliopewa romosozumabu katika mwaka wa kwanza, na asilimia 1.9 kwa wenzao, ndiyo maana mtu aliyepata shambulio la moyo au kiharusi katika mwaka uliopita hapewi. Nguvu yake ya kujenga pia hufifia, hivyo hutolewa kwa miezi 12 tu, na mfupa uliopatikana hupotea usipolindwa na dawa nyingine inayowazuia wachimbaji. Mpangilio huu wa nini kitangulie na nini kifuate, kwa maoni yangu, una uzito sawa na dawa zenyewe. Denosumabu, sindano inayotolewa kila baada ya miezi sita kuzuia osteoklasti zisikomae, ni mfano mchungu: mgonjwa akiiacha ghafla bila kuingizwa kwenye dawa nyingine, wachimbaji waliozuiwa huamka kwa pamoja, na wapo waliovunjika pingili kadhaa ndani ya miezi michache. Mgonjwa anayeambiwa "njoo baada ya miezi sita" bila kuelezwa hili hajaelezwa.

Kuna ugonjwa mmoja ambao kipande chake hakipaswi kamwe kufika kwenye meza yangu. Unaitwa fibrodisplasia osifikansi progresiva, na humpata takriban mtu mmoja kati ya milioni mbili. Ndani yake misuli, kano na tishu laini hugeuka kuwa mfupa halisi, wenye uboho na seli zake zote, hadi mwili hujifungia katika kiunzi cha pili. Harry Eastlack wa Philadelphia, aliyefariki mwaka 1973 akiwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 40, alikuwa mwishoni hawezi kuchezesha kitu isipokuwa midomo. Aliomba mifupa yake iachiwe wachunguzi, na ipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Mütter mjini humo, ikisimama karibu bila kuhitaji kuungwa kwa waya kama viunzi vingine, kwa sababu iliungana yenyewe. Mwaka 2006 kikundi cha Frederick Kaplan na Eileen Shore katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliitambua jeni husika, ACVR1: herufi moja tu imebadilika, na karibu wagonjwa wote wa aina ya kawaida wana badiliko lilelile. Mwaka 2015 ilionekana kwamba kipokezi kinachotokana na jeni hiyo iliyobadilika, yaani protini ya seli inayopokea ujumbe, huitikia protini iitwayo aktivini A kana kwamba ni amri ya kujenga mfupa, jambo ambalo kipokezi cha kawaida hakilifanyi. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha palovaroteni, dawa ya kwanza nchini humo kwa ugonjwa huu, ambayo hupunguza mfupa mpya lakini inaweza kufunga mapema gegedu la ukuaji kwa watoto.

Linaloniumiza ni hili: kila jeraha huweza kuuamsha ugonjwa. Uvimbe unapotokea mgongoni mwa mtoto, daktari mwenye nia njema hudhani ni saratani, huchukua kipande cha nyama ili kipimwe na watu wa kazi kama yangu, na mahali alipokata huota mfupa. Hata sindano ya chanjo ya kwenye msuli huweza kufanya hivyo. Na dalili huwapo tangu siku ya kwanza, bila mashine wala maabara: karibu watoto hao wote huzaliwa vidole gumba vya miguu vikiwa vifupi na vimepindia ndani. Mkunga anayemfunga mtoto nguo huviona. Nimeanza kuwaambia madaktari wanafunzi wanaokuja maabara kwetu kwamba, mbele ya mtoto mwenye uvimbe usioeleweka, wamvue soksi kwanza kabla ya kuniletea chochote.

Mama alipoanza kupewa romosozumabu, baada ya moyo wake kuchunguzwa, nilikuwa nikimpeleka mwenyewe kila mwezi. Dozi moja ni sindano mbili, na katikati ya hizo mbili nilimsimulia habari za zile familia, kwa sababu aliuliza dawa imetoka wapi. Alisikiliza mpaka mwisho, muuguzi akiwa bado ameshika pamba. Kisha akaniuliza, "Na wale watoto, mwanangu, wao wameshapata dawa yao?" Nikamwambia bado, wao hutibiwa kwa kupasuliwa, fuvu likapunguzwa ili ubongo upate nafasi, na mifupa ikirudi kunenepa hupasuliwa tena. Hakusema neno. Kuna protini waliyozaliwa bila hiyo, ambayo kwa mama ilikuwa ikizuiwa kwa sindano, na kuwarudishia ni kazi ngumu kuliko kuizuia. Ugumu huo naujua. Pia najua kwamba wenye ugonjwa wao ni wachache mno na wenye ugonjwa wa mama ni mamilioni, na kwamba hesabu hiyo ndiyo huamua maabara zitumie fedha wapi. Sijawahi kuona hoja iliyonitosheleza kwamba ni haki.

Miezi 12 ilikwisha, na sasa mama yuko kwenye alendronati, kidonge kimoja kwa wiki. Hukimeza asubuhi kabla ya kula, kwa bilauri nzima ya maji, na kwa dakika 30 baada ya hapo haruhusiwi kulala, ili kisimkwaruze koo la chakula. Mwanzoni alikuwa akikaa kitini na kuhesabu dakika. Nilipomweleza habari za osteositi na namna zinavyousikia uzito, aliacha kukaa. Siku hizi, nikimpigia simu asubuhi ya kidonge, nasikia visigino vyake vikigonga sakafu, kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, huku akiniambia nisubiri, zimebaki dakika kumi.